Namna ya kujua kilichomo kwenye kuku na chipsi za mgahawa

Usimuulize mhudumu, "Mnatia kemikali?" Atakujibu hapana, na huenda hasemi uongo, maana vitu hivyo huja vimeshatiwa kiwandani: kwenye chipsi za barafu, unga wa kuku, mkate wa baga, ndoo ya sosi. Omba kuona lebo ya kartoni. Kwa mgahawa wenye matawi nchi nyingi, tafuta orodha ya viambato kwenye tovuti, na ufungue ya nchi unakokula. Chipsi za McDonald's za Marekani hutiwa ladha ya nyama ya ng'ombe yenye ngano na maziwa. Za Uingereza hazitiwi.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Ukikuta "viazi, mafuta, dekstrosi, E450": dekstrosi ni sukari, inazipa chipsi rangi moja zikikaangwa, E450 (namba za E ni za viongezwa vya chakula) ni fosfeti, aina ya chumvi ya fosforasi, inazuia viazi visigeuke kijivu. Chipsi za mtaani kama Ngamiani, Tanga, kiazi kikimenywa mbele yako, hazihitaji hayo. Hapo kagua chupa ya sosi: E211 ni ya kuzuia kuharibika, E102 ni rangi ya njano.

Kwenye kuku tafuta "maji, chumvi, E451". Fosfeti hii hushikilia maji ndani ya mnofu, kwa hiyo kuku kutochuruzika akiyeyuka si ushahidi kwamba hakutiwa maji. Mwenye maradhi ya figo asikisie kabisa. Fosfeti ya kiwandani hufyonzwa mwilini kwa wingi kuliko ile ya asili ya nyama.

"Bila MSG" (glutameti ya sodiamu, ya kukoleza ladha) nako kuna ujanja: dondoo ya chachu ina glutameti ileile. E471 (ya kuchanganya mafuta na maji) na E631 (ya kukoleza ladha) zinaweza kutoka kwa mnyama au zisitoke, na namba peke yake haisemi. Anayejali halali aulize cheti cha bidhaa yenyewe. Kibao cha mlangoni hakitoshi.

Ulaini wa kuku wa mgahawa unapatikana nyumbani bila fosfeti. Kuku wa vipande kilo 1, maji baridi lita 1, chumvi gramu 50, yaani vijiko vitatu vya chakula visivyojaa. Loweka saa 2 kwenye friji, mkaushe, kisha mpake tangawizi na kitunguu saumu bila chumvi nyingine. Ukimlaza usiku kucha atakuwa chumvi tupu. Ndimu kamulia dakika 20 kabla ya moto. Ikikaa sana, nyama ya juu hupauka na kukauka.