SOMO: Kumfanyia tathmini nesi wako bila kumuonea

Wafawidhi wenzangu, sisi tunaosimamia vituo vya afya na zahanati, kila Juni ikikaribia kuisha simu yangu haipumziki, wote mnauliza kitu kimoja, nesi nimpe maksi ngapi. Naandika leo mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa. Niko kituo cha afya huku Uvinza, nilianza na OPRAS, ile tathmini ya watumishi wa umma ya makaratasi, sasa tuko PEPMIS ya kwenye kompyuta, mfumo umebadilika ila kumpima mtu ni kulekule.

1. Julai kaa na kila nesi mkubaliane kazi zake. Wa leba usimpime kwa kazi za kliniki ya watoto.

2. Angalia leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kama iko hai.

3. Andika mwaka mzima. Hapa someni taratibu. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza kwa kichwa tu, kuna nesi mwezi wa sita alichelewa siku nne, nikampa maksi za chini. Hakubishana. Alienda akaleta kitabu cha ripoti ya usiku akafungua Machi, zile mvua barabara imekatika mwenzie kakwama kwao, kakesha peke yake wiki mbili, na kila asubuhi chini ya ripoti kuna sahihi yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa! Na kule kuchelewa wala sikumuuliza, kumbe alikuwa anauguza mama yake. Nilimwomba radhi nikarekebisha, ila bado inaniuma. Tangu hapo nina kaunta buku, lile daftari kubwa la jalada gumu, kila nesi ana kurasa zake, tarehe na jambo lenyewe, zuri na baya.
ONYO: usiandike "mvivu", andika ulichokiona, "tarehe 12, partogramu tatu, mapigo ya mtoto hayajajazwa kila nusu saa" (partogramu ni ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua).
ONYO tena: kosa mwambie wiki hiyohiyo, asije kulisikia Juni.

4. Ongeeni chumba chenye mlango, sio dirisha la dawa.

5. Aanze yeye kujieleza.

MASWALI (mbele ni mahali anakotoka muulizaji)

Kaliua: Inchaji nitumie basi ulivyomjaza nesi wako nikopi, kesho mwisho.
— Hapana. Rudi namba 3.

Kaliua: Si ungesaidia tu jamani, mbona mkali?
— Nesi wako hajafanya kazi kwangu. Fungua vitabu vya ripoti vya kituo chako, usiku mmoja unatosha kuanza.

Kasulu: Shikamoo. Ninayempima ni dada aliyenifundisha kuzalisha, naona aibu, naanzaje?
— Marahaba mdogo wangu, hapo umeuliza la maana. Muamkie kama siku zote, heshima haiondoi cheo chako. Kisha muulize mwaka huu nini kimemuelemea, unyamaze kweli, mtu mzima akisikilizwa husema mwenyewe anapokosea. Penye kasoro fungueni partogramu mkae upande mmoja wa meza muisome wote. Ukikwama nipigie hata usiku.

Sikonge: Zahanati yetu nesi ni mmoja, chanjo yeye, leba yeye, dawa yeye. Anapimwaje?
— Usimkate maksi kwa kazi ya watu watatu. Upungufu uandike wazi na halmashauri waone.

Buhigwe: Mfumo ukigoma kufunguka?
— Jaribu alfajiri, saa kumi hivi. Maelezo yako uwe umeshayaandika pembeni.

Nguruka: Kaunta buku ya kwaya ngapi, yaani unene gani?
— Kwaya 3 inatosha manesi sita. Ivalishe nailoni, masika inalowa, na uifungie kabatini, yale ni mambo ya watu.