Kuchagua spika za midbesi kwa boksi la njia tatu

Anza na masafa, spika baadaye. Kwenye boksi la njia tatu, yaani lenye spika za aina tatu, sabufa (ya besi nzito) hubeba chini ya 100 Hz hivi, midbesi (ya sauti za kati) inapokea hapo hadi 2,000 au 2,500 Hz, twita (ndogo, ya sauti nyembamba) inamalizia. Mpaka wa juu wa midbesi unategemea upana wa karatasi, yaani koni inayotikisika mbele ya spika: urefu wa wimbi ukishalingana na kipenyo chake, sauti inajibana mbele kama mwanga wa tochi, na aliyekaa pembeni haambulii maneno ya wimbo. Gawa 345, yaani kasi ya sauti, kwa kipenyo cha karatasi kwa mita. Spika ya inchi 6.5 ina karatasi ya sentimita 13 hivi, kwa hiyo unapata kama 2,600 Hz. Ya inchi 8 inafika 2,000, ya inchi 10 inaishia 1,600.

Twita ya kitambaa ya inchi 1 haipendi kushushwa chini ya 2,000 Hz, inaungua. Ukiioanisha na midbesi ya inchi 10 unaacha shimo palepale sauti ya mwimbaji ilipo. Kwa sebuleni chukua inchi 6.5. Inchi 8 iwe ya ukumbi au uwanjani, pamoja na twita ya honi.

Stika ya "wati 1000" ipuuze. Tafuta desibeli kwa wati 1, mita 1, yaani spika inalia kwa ukubwa gani ukiipa wati moja na kuipima ukiwa umbali wa mita moja. Twita inayopiga kelele kuliko wenzake unaipunguza kwa rezista mbili, lakini midbesi dhaifu huipandishi. Unaishia kushusha zote zilingane nayo. Visiwani na mialoni, kuanzia Ukerewe hadi Ukara kwenye Ziwa Victoria, wengi wanapiga muziki kwa betri ya sola ya volti 12, na huko ndiko jambo hili linauma zaidi. Redio ya gari hutoa wati 18 hivi safi kwa kila chaneli kwenye omu 4, hata kama kava lake limeandikwa 50 × 4. Midbesi ya desibeli 94 kwa wati hizo 18 inalia sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 90. Usiunge mbili za omu 4 sambamba kwenye chaneli moja: zinakuwa omu 2, na ampu inapata joto hadi inajizima.

Ukiwa dukani, Makoroboi jijini Mwanza au kokote, nenda na mita ya umeme (maltimita) na betri ya volti 1.5. Mita ikiwa kwenye omu, spika ya omu 8 isome kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4, kati ya 3 na 3.8. Isiposoma kitu, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) imekatika. Bonyeza karatasi kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote, taratibu. Ukisikia mkwaruzo irudishe, koili inasugua sumaku. Gusisha betri: karatasi ikitoka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Pima spika zote mbili za jozi, maana alama za kiwandani wakati mwingine zimegeuzwa, na jozi iliyounganishwa kinyume inafuta besi.

Kwa mtumba, kagua kingo, ule mkanda laini unaoshika ukingo wa karatasi. Za sponji huoza kwa joto na unyevu, na hewa ya ziwa haizihurumii; zikimeguka kwa ukucha, achana nazo. Mpira au kitambaa ndivyo vinavyodumu. Karatasi isiyopakwa kitu hunyonya unyevu, kwa hiyo ufukweni plastiki ni salama zaidi.

Lita za boksi zinatoka kwenye vipimo vitatu vya spika: Fs (masafa ambayo karatasi hutikisika yenyewe), Qts (jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa kishikio cha karatasi). Kwa boksi lililofungwa, gawa 0.707 kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa namba hiyo. Spika yenye Fs 55, Qts 0.4 na Vas lita 20 inataka lita 9.4, na itaanza kushuka karibu na 97 Hz, hivyo krosova (kifaa kinachogawa masafa kati ya spika) ya sabufa iweke 100 hadi 120 Hz. Qts ikifika 0.6, boksi linakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya Vas. Hiyo si midbesi ya boksi dogo.

Kama spika haikuja na orodha ya vipimo vyake, Fs unaipata mwenyewe. Pitisha sauti ya ampu kwenye rezista ya omu 100, wati 5, kisha kwenye spika ikiwa nje ya boksi. Weka mita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye ncha mbili za spika, halafu kwa programu ya simu inayotoa sauti ya masafa unayochagua panda polepole kutoka 30 hadi 150 Hz. Volti zinapofika kilele, hapo ndipo Fs.

Chumba cha midbesi kitenge kabisa na cha sabufa. Vikichangia hewa, sabufa inaisukuma karatasi ya midbesi na sauti inatetemeka. Ukishafunga, sukuma karatasi ndani kidogo uishike. Ukisikia msukumo wake unalegea ndani ya sekunde moja au mbili, hewa inavuja: rudi kwenye kona na tundu la waya na silikoni.