Vile ya kuandaa mchezo wa jukwaani kuhusu polisi wanaopiga raia

Usianze na kipigo. Vikundi vingi huku Kisumu mchezo ukianza tu rungu iko juu, mtu analia, na baada ya dakika 5 watu washazoea. Anzia kwa meza ya OB, kile kitabu polisi huandikia matukio ya stesheni. Mama amekuja stesheni kuuliza kijana wake ako wapi, afande anaandika mambo yake polepole, hamwangalii, anamwambia tu "kaa hapo". Wacha akae. Sekunde 20 za kimya jukwaani zinauma kuliko kofi.

Kabla ya skripti, someni Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile cha haki za mtu aliyeshikwa, kwa sauti, kikundi chote, halafu mchague haki itakayovunjwa kwa kila onyesho: kuambiwa kwa nini umeshikwa na kwa lugha unaelewa, kunyamaza, kuongea na wakili, kupelekwa kortini kabla masaa 24 kuisha. Mimi ningemshika huyo kijana Ijumaa jioni, juu masaa yakiishia wikendi sheria inaruhusu angoje siku ya korti inayofuata, na hizo siku ndio mama anazungushwa kutoka stesheni moja hadi ingine na chakula kwa kikopo.

Afande mpe karo ya watoto na bosi anayempigia simu. Si kumtetea, ni ndio watu waone mahali angekataa na hakukataa.

Kipigo kiwe nyuma ya shuka, sauti tu, mtu apige gunia la mchanga huku mbele tunaona mahabusu mwingine akisikiliza. Na yunifomu halisi ya polisi msiguse, hiyo ni kesi. Kofia ya kadibodi na mshipi zinatosha kabisa.

Sasa hii tafadhali msiruke. Huku watu wanakumbuka Agosti 2017, mtoto wa miezi 6 alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao Nyalenda akafa. Kwa hao watazamaji wako kuna waliovunjiwa mlango usiku huo huo. Waambieni mapema nini itaonyeshwa, mlango ubaki wazi, na mchezo ukiisha awepo mtu wa kueleza fomu ya P3, ile daktari hujaza kuonyesha majeraha ya aliyepigwa, na vile ya kupeleka malalamishi IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

Onyesho la mwisho Jumatatu asubuhi. Zamu imebadilika, kuna afande mpya kwa meza, anafungua OB, jina la kijana halimo. Mama bado amekaa pale pale. Zimeni taa.