Namna ya Kutambua Mifupa ya Mwanamume na ya Mwanamke wa Kale

Mifupa ya binadamu ikijitokeza shambani au pangoni, iwe Unguja au Pemba, isiguswe kwanza. Apewe taarifa sheha na mamlaka ya mambo ya kale, kwani hayo ni mabaki ya mtu mwenye heshima yake, na mfupa uliohamishwa pahala pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Uchunguzi wenyewe uanzie kwenye nyonga, kwa sababu nyonga ya mwanamke imeumbwa ipitishe mtoto, na hakuna mfupa mwengine unaosema wazi kuliko huo. Tazama pembe iliyo chini ya kinena, pale mifupa miwili inapokutana kwa mbele: kwa mwanamke hutanuka, mara nyingi hufikia nyuzi 90 au zaidi, na kwa mwanamume huwa nyembamba. Kisha ingiza kidole gumba katika pengo lililo upande wa nyuma wa mfupa wa nyonga. Kikipata nafasi ya kucheza, yaelekea ni mwanamke, na kikibanwa, yaelekea ni mwanamume.

Fuvu lifuate baadaye. Matuta ya juu ya macho na kinundu cha nyuma ya sikio kwa kawaida huwa vikubwa zaidi kwa mwanamume, lakini jamii hutofautiana, hivyo lilinganishwe na mafuvu ya watu wa eneo hilo hilo.

Kwa mtoto asiyebaleghe, umbo la mifupa halitoshi. Hutegemewa protini za gamba la jino au vinasaba, ambavyo vimeshapatikana katika mabaki ya kale ya Pango la Kuumbi, Unguja, na Makangale, Pemba.