Somo: Kumlea nondo Arctia caja, kuanzia kiwavi mpaka aruke

Nondo huyu yuko Ulaya, kaskazini mwa Asia na Amerika ya Kaskazini. Kumlisha ni rahisi. Kinachowashinda wengi ni kumvusha majira ya baridi.

1. Kumpata. Mwezi Mei na Juni kiwavi mkubwa huonekana mchana akikimbia ardhini. Ana manyoya marefu meusi mgongoni na ya rangi ya kutu ubavuni. Usimshike kwa mkono mtupu, manyoya yanawasha. Tega jani, apande mwenyewe.

2. Chakula. Si mchaguzi: magugu ya kawaida kama Taraxacum, Rumex na Plantago yote anakula. Badilisha majani kila siku na uondoe kinyesi kabla hakijaota ukungu.

3. Baridi. Ukianza na mayai ya kiangazi, viwavi wataacha kula wakiwa bado wadogo na kulala mpaka masika. Waweke nje, kivulini, kwenye kasha lenye wavu na majani makavu. Baridi kavu wanaivumilia. Unyevu ndio unaowamaliza. Uingereza nondo hawa wamepungua sana tangu miaka ya 1980, na watafiti wanahusisha hali hiyo na majira ya baridi yenye mvua na joto kuliko kawaida.

4. Pupa. Kiwavi hufuma kifuko chepesi cha hariri iliyochanganyika na manyoya yake, na ndani yake hugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo. Usikiguse. Simamisha vijiti vyenye gome ndani ya kasha: nondo akitoka lazima apande na kuning'inia ili mabawa yanyooke, la sivyo yanakauka yakiwa yamekunjamana.

Maswali ya wanachama

*Nondo katoka jana. Nimpe asali?*
Hapana ndugu, akishakua hali kitu. Anaishi kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi.

*Nimemgusa, akafunua mabawa ya nyuma na kutoa tone la njano shingoni. Anaumwa?*
Mzima kabisa, anakutisha tu. Rangi ile ya chungwa yenye madoa ya buluu-nyeusi inamwambia ndege kwamba mwilini mna sumu.

*Naweza kuwalea ndani ya nyumba wasilale?*
Inawezekana, ila andaa majani mabichi msimu wote. Mimi siipendi njia hiyo.

*Kiwavi wangu amegoma kula, na funza wametoka ubavuni!*
Pole. Hao ni mabuu ya nzi wa jamii ya Tachinidae, ambao mabuu yao hukua ndani ya wadudu wengine; walikuwamo tangu ulipomwokota. Hakuna dawa. Wengine hawataambukizwa naye, kwa hiyo endelea kuwalisha.