Kutenganisha mchango wa ukubwa wa kisiwa na ule wa makazi katika idadi ya spishi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mhifadhi anayetaka kulinganisha visiwa vidogo vya Zanzibar na kujua kama kisiwa kina spishi nyingi kwa sababu ni kikubwa au kwa sababu kina makazi ya namna nyingi. Mambo hayo huenda pamoja, kwani kisiwa kikubwa aghalabu hukusanya maweni (ardhi ya miamba ya matumbawe), mikoko na mabonde yenye udongo mzito kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Chagua kundi na visiwa. Chukua kundi moja la viumbe, mathalani miti na vichaka, na visiwa vyenye asili moja. Unguja iliungana na bara enzi ya barafu, ilhali Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na ndiyo maana ina ndege wake wasiopatikana kwingineko duniani. Ukichanganya visiwa vidogo vya pande hizo mbili, utakuwa unapima historia badala ya eneo.

Hatua ya 2: Pima eneo maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na picha ya satelaiti iliyopigwa maji yakiwa yametoka huongeza miamba na mchanga usioota mti wowote.

Hatua ya 3: Orodhesha makazi kabla ya kuhesabu spishi. Hapa ndipo penye kazi. Makazi hufafanuliwa kwa mahitaji ya kiumbe, si kwa rangi za ramani. Ingia ndani ya maweni utazame: juu ya jiwe lililo wazi vichaka ni vifupi na majani yake ni magumu, na hatua chache mbele kuna shimo lililojaa majani yaliyooza na udongo mweusi, ambamo mti umezamisha mizizi na kuwapita wenzake kwa urefu. Kwa konokono wa nchi kavu, shimo lile ni makazi mengine kabisa. Kwa miti, mimi huyahesabu yote kuwa makazi mamoja, kwa sababu mashimo hayo yametapakaa maweni kote. Mwingine anaweza kuamua vingine, mradi uamuzi usibadilike akishavuka kwenda kisiwa cha pili.

Hatua ya 4: Weka viwanja vya sampuli vya ukubwa sawa katika kila aina ya makazi, na uendelee kuongeza hadi viwanja vipya visilete spishi mpya.

Hatua ya 5: Fanya hesabu. Kanuni ya kawaida ni S = cA^z, ambapo S ni idadi ya spishi, A ni eneo, c ni namba isiyobadilika, na z ni kipeo kinachoonyesha spishi huongezeka kwa kasi gani eneo likikua; kwa visiwa z mara nyingi hukaribia 0.25. Kwa thamani hiyo, kisiwa huhitaji ukubwa mara 16 ili spishi ziwe maradufu. Mwaka 2003 mwanaikolojia Kostas Triantis na wenzake walipendekeza eneo lizidishwe kwa idadi ya aina za makazi (H) kwanza, kisha zao hilo liwekwe mahali pa A. Tuseme visiwa viwili vina hekta 20 kila kimoja, kimoja kina aina 2 za makazi na kingine 5: kanuni ya kwanza itavipa idadi sawa, ya pili itakipa cha pili nyongeza ya asilimia 26 hivi. Chora grafu mbili kwa logi (logarithimu), moja ya A na nyingine ya A × H, uone ni ipi ambayo nukta zake zinakaa karibu zaidi na mstari.

Vijisiwa vidogo mno vichorwe peke yake, kwani huko eneo huacha kutabiri chochote cha maana. Nukta itakayobaki chini sana ya mstari, usiifute. Waulize wavuvi kama kisiwa hicho kina panya, kama hukatwa kuni, na kama ni dago lao, yaani kambi yao ya muda.