Kipunguza msuguano cha kamba ya kupandia miti: kipi ununue, kipi ujitengenezee

Kama unapanda kwa kamba inayotembea, yaani umeipitisha juu ya tawi, upande mmoja umefungwa kwenye hanesi (ile mikanda unayovaa kiunoni na mapajani) na upande wa pili una fundo la kushika kama Blake au Prusik unalolisukuma juu kila ukivuta, basi unaijua ile hali ya kuvuta mpaka mikono inawaka halafu ukiangalia umepanda nusu mita tu. Sio kwamba huna nguvu, ni gome linazila. Na gome lenyewe linaumia, kila mvuto unalisaga mpaka kamba inafikia ile tabaka laini ya chini inayokuza mti, utomvu nao unaingia kwenye nyuzi za kamba, inakuwa ngumu na kunata na haioshwi ikaisha. Anayepanda kwa kamba iliyotulia, hilo halimsumbui sana kwa sababu kamba yake haitembei juu ya tawi.

Tupige hesabu kidogo maana hapa ndo watu wanachagua kwa kubahatisha. Kamba ikizunguka kitu nusu duara, tofauti ya mvuto kati ya pande mbili inategemea utelezi wa kitu chenyewe na pembe ya mzunguko, basi. Unene wa tawi haumo kabisa, kwa hiyo kuhamia tawi jembamba hakukusaidii kitu. Kwenye gome ambalo ile namba ya msuguano ya wanafizikia ni 0.3, upande unaovutwa unabeba kama mara 2.6 ya upande mwingine, yaani mtu wa kilo 80 anavuta karibu kilo 58 ili ajiinue. Kwenye puli nzuri, yaani kigurudumu cha kupitishia kamba, angevuta kilo 40 na kidogo, na pete za alumini, yaani mkanda unaozungushwa juu ya tawi wenye pete mbili ambazo kamba inapita ndani yake, ziko katikati hapo.

Sasa utasema si ninunue puli tu yaishe? Ngoja kwanza. Ukishuka mambo yanageuka, kwenye lile gome fundo lako lilikuwa linabeba kilo 22 tu, zingine tawi linakusaidia, ukiweka puli fundo linabeba 40, karibu mara mbili. Fundo ulilolizoea linaanza kuteleza, linapata moto, na nailoni ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi. Kwa hiyo ukibadilisha kifaa cha juu, jaribu fundo upya ukiwa chini chini, futi mbili tatu kutoka ardhini, ongeza mzunguko mmoja kama halishiki. Mimi kwa mtu anayeanza ningempa pete, puli aiache mpaka ajue fundo lake linafanyaje.

Kujitengenezea kunawezekana, ila sio kila aina. Rahisi na salama zaidi ni mfuko wa ngozi, au kipande cha mpira mgumu wa maji, kinachovalishwa kamba pale inapopita juu ya tawi. Uzuri wake ni kwamba hakibebi uzito wako. Kikichanika kamba bado iko juu ya tawi na wewe bado unaning'inia, umerudi tu kwenye tabu ya gome. Chukua ngozi nene, ikunje iwe bomba, shona kwa uzi mnene wa kushonea viatu, urefu uvuke tawi na ubaki kidogo kila upande, na mdomo mmoja uwe mwembamba kuliko mwingine ili ukimaliza kazi fundo la mwisho wa kamba likwame pale na kukivuta chini. Mpira usitumie ule laini, unakunjika na kuibana kamba.

Kile cha pete mbili ni habari nyingine kwa sababu uzito wote uko pale, mkanda ukikatika umeanguka. Usishone mwenyewe hata kama cherehani yako ni kali, na usichukue pete za chuma za kuchomelea ambazo hakuna anayejua zinabeba nini. Tafuta mkanda ulioshonwa kiwandani na pete zenye alama ya nguvu, angalau kN 22 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu), ambayo ni kama uzito wa kilo 2,200. Kamba ipite ndani ya pete, isipite kamwe moja kwa moja juu ya mkanda, maana kitambaa kinachosuguana na kitambaa kinakatika haraka ajabu, na mikanda ya Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, ni mibaya zaidi kwa hilo, inayeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi.

Pete lazima ziwe na ukubwa tofauti, moja kubwa moja ndogo, na hapa wengi wanachanganya. Ukitaka kukitoa ukiwa chini, funga kijifundo au kigololi kwenye mwisho wa kamba unaotokea upande wa pete KUBWA, halafu vuta upande wa pete ndogo. Kigololi kinapita ile kubwa, kinagota kwenye ndogo, kinaibeba na mkanda wote unafuata. Ukigeuza kinagota kwenye pete ndogo mapema, mkanda haushuki, na utalazimika kupanda tena. Ule mwisho wenye kigololi uungie kakamba kembamba ka kurushia ili kifaa kisishuke kwa kasi, helmeti ibaki kichwani, na usimame pembeni, sio chini ya tawi.

Kabla ya kila kupanda pitisha kidole ndani ya pete. Ukihisi mfereji au kingo kali, itupe. Mshono wenye manyoya au nyuzi zilizokatika, tupa pia, hata kama mkanda unaonekana mpya.